Tangi Lisilo na Samaki Lina Kazi

Siku hizi anayenunua tangi la kufugia samaki wa baharini hushauriwa alijaze maji ya chumvi, awashe pampu, kisha akae wiki 4 hadi 6 bila samaki hata mmoja. Zamani ushauri huo haukuwapo. Kwa miaka mingi samaki waliingia karibu pamoja na maji, na waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wala wenye pupa kutuzidi sisi. Nikiifuata historia ya ufugaji huu, naona kilichobadilika ni kujua tunasubiri nini. Jambo hilo lina uzito kwa anayeanza leo, maana mtu anayesubiri kwa kuwa ameambiwa tu, subira yake humwisha siku atakapokutana dukani na samaki mzuri.

Katikati ya karne ya 19 jijini London, fundisho lililotawala lilikuwa la mizani ya gesi. Mkemia Robert Warington alieleza mwaka 1850 kwamba mimea ya majini hutoa oksijeni wanayovuta wanyama, nao wanyama hutoa hewa ukaa inayotumiwa na mimea. Bustani ya wanyama ya jiji hilo ilifungua jumba la samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichowafanya Waingereza wengi watamani kuwa na bahari sebuleni. Maji yalipochafuka na wanyama kufa, lawama iliangukia upungufu wa hewa. William Alford Lloyd, katika jumba la Crystal Palace lililofunguliwa mwaka 1871, alifanikiwa zaidi kwa kuzungusha maji kati ya matangi ya maonyesho na hodhi kubwa lenye giza lililofichwa chini. Njia yake ilifaa kuliko maelezo yaliyokuwapo. Kisha mnamo 1890 Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wa udongoni wanaoishi kwa kugeuza amonia, lakini miongo mingi ilipita kabla elimu hiyo ya udongo haijawafikia wafugaji wa samaki.

Kiini cha mambo kilikuwa hapo. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza huiongeza. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali kama hizo mbili. Bakteria hao hujishikiza kwenye mawe, mchanga na kichujio, na huzaana polepole mno wakilinganishwa na wale wanaoozesha chakula. Maji ya bahari nayo yana pH inayozidi 8, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu. Kipimo chake ni rahisi: unachota maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, unadondoshea dawa ya kupimia, unatikisa, unangoja dakika chache. Yakibaki manjano, hakuna amonia. Yakigeuka kijani, ipo. Maji ya tangi lenye kijani kile yanaweza kuwa meupe na kung'aa kabisa, ndiyo maana macho peke yake yaliwadanganya watu kwa muda mrefu hivyo.

Njia zilizofuata zilitofautiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyotumia mawe yaliyotoka baharini na uhai wake pamoja na mapovu ya hewa, na hivyo bakteria wakaingia wakiwa wamekwisha kushika mawe. Kwingineko iliyoenea, hata katika miaka ya 1970 na 1980, ni desturi ya kutanguliza samaki wadogo wagumu wa jamii ya vifuu ili amonia yao iwalishe bakteria. Watetezi wa desturi hiyo husema samaki wale walipona, basi kosa liko wapi? Kupona hakuna maana ya kutodhurika: amonia huunguza matamvua, na samaki anayetweta karibu na uso wa maji analipa gharama hata asipokufa. Isitoshe, kifuu ni mkali, na akishakaa wiki kadhaa peke yake hulifanya tangi zima kuwa himaya yake, akamsumbua kila mgeni. Leo amonia ya chupa, miligramu 2 hivi kwa kila lita, huifanya kazi ileile bila kumtesa kiumbe.

Pingamizi zito zaidi limeletwa na sayansi yenyewe. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi waliyoyachunguza, wanaogeuza nitriti ni jamii ya Nitrospira, wala si Nitrobacter kama vitabu vilivyokuwa vikifundisha. Sasa bakteria wanaofaa huuzwa wakiwa hai, na wapo wanaosema kusubiri kumepitwa na wakati. Nakubali kwamba chupa nzuri hufupisha wiki za mwanzo, na kipimo kikionyesha hivyo hakuna haja ya kubisha. Ila bakteria huongezeka kulingana na chakula wanachopata. Waliozoea uchafu wa samaki wawili wadogo hawamudu uchafu wa saba walioingizwa kwa mkupuo. Tena chupa haizuii maradhi. Kimelea Cryptocaryon irritans, anayejulikana kwa vidoa vyeupe mwilini, hujificha katika vifuko ambavyo vingine hukawia wiki kadhaa kupasuka, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi huliacha tangi lililoambukizwa siku 76 bila samaki. Karantini katika tangi dogo la pembeni ni nafuu kuliko adhabu hiyo.

Kujua sababu humfundisha mtu pia pale ambapo kukawia ni kosa. Mfano ni samaki wanaovuliwa na wapiga mbizi pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege kwenda kuuzwa ng'ambo. Kabla ya safari hunyimwa chakula ili wachafue maji kidogo, kisha hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji na oksijeni. Njiani hewa ukaa wanayotoa huishusha pH ya maji yale, na amonia iliyojikusanya hupungua ukali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu kali. Anayetumia saa mbili kudondoshea maji mapya ndani ya mfuko huo kwa jina la upole anamwongezea samaki mateso. Afadhali asawazishe joto mfuko ukiwa bado umefungwa, awe na maji ya karantini yenye chumvi inayokaribiana na ya mfukoni, kisha amhamishe bila kuchelewa na kuyamwaga maji ya safari.

Basi wewe unayeanza, lipe tangi lako amonia, na usinunue samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri siku moja baada ya kuongeza kipimo kipya. Anza na wapole, mmoja au wawili, uwapitishe karantini kwanza. Ngoja wiki kadhaa, upime tena, ndipo uongeze. Wagomvi, kama kangaja na vifuu, waingie mwisho. Samaki wengi wa baharini wanaouzwa bado hutolewa miambani, na kila anayekufa kwa pupa ya mfugaji huacha nafasi itakayojazwa na mwingine kutoka mwambani.