Shamba la Mpangaji

Ukimwambia kijana wa mjini kwamba unalima, swali lake la kwanza ni moja tu: una ekari ngapi? Swali hili tumelirithi kwa wazee wetu. Asiye na ardhi hahesabiwi kuwa mkulima, na mpangaji ndiye kabisa, maana hata ukuta anaouegemea una mwenyewe. Mimi nimepanga chumba kimoja hapa Bagamoyo, ua tunachangia wapangaji sita, na bado nalima. Nalima kwenye ndoo, kwenye madumu yaliyokatwa na kwenye makopo. Washikaji wananiita Bwana Shamba, na si kwa heshima, ni kwa kunicheka.

Nawaacha wacheke. Ila wapo wanaosema eti haya ni mambo ya kuiga kwa Wazungu, na hapo lazima nibishe. Katika mwambao huu akina bibi wamepanda kwenye makopo tangu sisi hatujazaliwa. Pita nyua za Waswahili, iwe Bagamoyo, Pangani au Unguja, utakutana na mrehani kwenye kopo la mafuta na asmini kwenye karai lililotoboka. Lakini yalikuwa mambo ya wanawake, ya kutunga vikuba na kunukiza nguo, ndiyo maana sisi wanaume hatukuyahesabu kuwa kilimo.

Bibi yangu yuko Saadani. Kijiji kile upande mmoja kina bahari, pande nyingine kina pori ambalo tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Wageni hufurahi kuona pori na bahari vinakutana. Mwenye konde lake anajua habari nyingine: mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori na nyani wamekwisha kupata taarifa, na tembo akipita usiku mmoja huna cha kuvuna. Bibi hakugombana na mtu wala mnyama. Alileta mboga mlangoni. Mchicha, bamia na pilipili alivipanda kwenye makopo, akavipanga pamoja na mrehani wake, pale penye sauti za watu mchana kutwa. Nilipomuuliza alinijibu, "Mjukuu wangu, cha mlangoni kikiguswa utasikia."

Kwake ndiko nilikojifunza udongo. Saadani ni nchi ya chumvi, watu wanaivuna kwenye mabwawa kando ya bahari, na chumvi haichagui pa kukaa. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni usiuguse. Udongo mweusi wa mbugani peke yake hushika maji mpaka mizizi inaoza, na ukikauka unapasuka. Mchanga wa mtoni peke yake haushiki kitu. Changanya: udongo mafungu mawili, samadi iliyooza vizuri fungu moja, mchanga wa mtoni fungu moja. Toboa chombo matundu chini, tandika kokoto, kisha makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kwa sababu makumbi hunywa maji na kuyatoa polepole. Angalia tu yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba. Hayo yamekunywa bahari. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi siku mbili tatu, mwaga, rudia tena. Na kama maji ya kisima chako yana chumvi, utaona unga mweupe juu ya udongo. Masika yakifika toa ndoo zako nje, mvua iuoshe.

Mchicha hauna makuu. Beseni bovu linatosha, na wiki ya tatu au ya nne unachuma. Matembele unachomeka marando tu. Nyanya ndiyo yenye madai: ipe ndoo nzima ya lita 20 na kijiti cha kuegemea. Dumu lililowahi kutiwa sumu ya wadudu liache kabisa, hata ukilisugua namna gani. Jua la huku si mchezo, ndoo nyeusi inachemka, basi ivishe gunia. Vidukari wakija, twanga majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni.

Kutoka kwenye ndoo nilihamia magunia baada ya kusoma habari za Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kule bustani za magunia mwaka 2008. Unasimamisha gunia, katikati unapanga nguzo ya mawe ya kupitishia maji, pembeni unajaza udongo, halafu unatoboa ubavuni na kupanda sukuma wiki kuzunguka. Nikatengeneza mawili. Yalinipa mboga za kutosha jioni tatu kwa wiki, na mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa mtupu, ugali wangu haukulala mkavu.

Mwaka jana mama mwenye nyumba aliniita. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, kijana wangu amerudi na mkewe, chumba nakihitaji. Nakupa mwezi." Sikuwa na la kumjibu, chumba ni chake. Siku ya kuhama nilikuwa na kitanda, sanduku la vitabu na ndoo 14. Msukuma mkokoteni akanishangaa: "Bosi, unahamisha udongo? Kwani huko uendako hakuna?" Upo, nikamwambia, ila huu nimeutengeneza mwenyewe.

Na kweli, ningelima tuta uwani, samadi yote ya miaka miwili ingebaki kwa mwenye ua. Yale magunia mawili hayakubebeka hata kwa watu wanne. Nilimwachia jirani wa mlango wa pili, mwenye watoto watatu, nikamwonyesha pa kumwagia maji. Nilipopita mwezi uliofuata kumjulia hali, alinifungia sukuma wiki kwenye gazeti kama mgeni yeyote. Nilizipokea, na sitaficha kwamba roho iliniuma.

Kwa hiyo sisemi ndoo ni badala ya ardhi. Kijana anahitaji mahali ambapo hawezi kuambiwa "nakupa mwezi", na makopo yetu yasije yakawa kisingizio cha kumnyima. Ninachosema ni kwamba tusikae tukisubiri hati ndipo tujifunze udongo. Siku kiwanja kikipatikana, mikono iwe tayari inajua kazi.

Nanyi wenzangu mnaoandika vyumbani, taa moja na godoro chini, mnaijua hali ya kufanya kazi mahali pasipo penu. Anayetaka marando ya matembele aje, ninayo mengi. Sharti ni moja: aje na kopo lake.