Hali ya Hewa Ipendezayo na Ile Ifaayo

Ukitaka kuwasikia watu wazima wakibishana muda mrefu bila ya kugombana, waulize ni mahali gani katika Kenya penye hali ya hewa njema kuliko pote. Mtu wa Lamu atajibu kwamba hapana mfano wa kisiwa chake wakati wa kusi, upepo utokapo baharini na mtu akalala usiku kwa shuka moja tu. Mtu wa Nyeri ataisifu asubuhi yenye ubaridi, umande ukiwa bado juu ya majani, na Mlima Kenya ukionekana wazi kabla ya kujifunika mawingu. Mtu wa Kisumu atasema joto la mchana si neno, maadamu upepo wa ziwa huja alasiri kulipunguza. Naye mtu wa Lodwar, ambako joto la mchana hufika digrii 35 za Selsiasi karibu miezi yote, atastaajabu kuambiwa kwamba wako watu waotao moto wa makaa saa sita za mchana. Kila mmoja atasema kwa yakini, na kila mmoja atawahurumia wenzake.

Mabishano hayo yana sababu. Kenya imepewa hali nyingi za hewa katika nchi moja. Ikweta yapita ndani yake, na kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana; ni saa 12 hivi mwaka mzima. Katika Uingereza si hivyo. Huko London mchana wa mwezi wa Juni huzidi saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa 8, na hapo ndipo joto lao na baridi yao vinapotoka. Katika Kenya kinachotenga joto na baridi ni kwanza kimo cha nchi. Kila mtu apandapo meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Mombasa iko kando ya bahari, Nairobi iko kwenye meta 1,700 hivi, na sehemu za Kinangop hupita meta 2,400. Msafiri akiondoka Mombasa asubuhi na kulala Kinangop, hubadili hali ya hewa kana kwamba amevuka bahari.

Jambo la pili ni pepo. Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, huleta jua na ukavu. Kisha huja masika, na nyuma yake kusi, pamoja na miezi ya kipupwe ambayo watu wa pwani huipenda kuliko yote. Upepo huo huo wa kusi ufikapo bara hukusanya mawingu juu ya milima, na ndiyo maana mwezi wa Julai, ambao Mombasa ni wa raha, Nairobi na Limuru ni wa kuvaa makoti.

Hata maneno ya lugha huonyesha tofauti hii. Mara nyingi majira ya joto ya Ulaya hufasiriwa kwa neno kiangazi. Mtoto wa shule husoma katika kitabu cha Kiingereza kwamba kiangazi kimefika, watu wamefurahi na kutoka nje kucheza. Ikiwa mtoto huyo amelelewa Kitui, lazima atashangaa. Kiangazi akijuacho yeye ni wakati wa majani kukauka na ng'ombe kukonda, na wa mama yake kwenda mbali na mtungi ili kufukua maji katika mchanga wa mto. Neno ni moja, lakini mmoja hulingojea na mwingine huliogopa.

Sasa, ni nini kimfanyacho mtu apende hali hii na kuichukia ile? La kwanza ni mazoea. Chukua mfano wa karani wa pwani aliyehamishiwa Kericho. Mwaka wa kwanza hulalamika kila siku. Mvua ya mawe humtisha, maji ya kuoga humwumiza, na nusu ya mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, hununua mablanketi. Baada ya miaka kumi hurudi Mombasa kwa likizo katika mwezi wa Machi, joto likiwa digrii 32 na hewa imejaa unyevu, akakesha usiku akijipepea. Asubuhi humwambia baba yake kwamba mji umezidi joto.

“Mwanangu,” mzee hujibu, “Mombasa ni ile ile. Kilichobadilika ni mwili wako.”

Mzee asema kweli. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka. Mahali penye unyevu mwingi jasho hukawia kukauka, na mgeni huona joto kuwa zito kuliko kipimo kinavyoonyesha. Walakini mwili hujifunza. Mtu akikaa katika joto majuma mawili hivi, huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na moyo wake haupigi mbio kama mwanzoni. Akiondoka akakaa kwenye baridi, mafundisho hayo husahauliwa.

La pili ni uhaba. Mtu hutamani kile asichokuwa nacho. Waingereza, ambao mawingu ni mengi kwao, hutumia fedha nyingi kwenda kulala juani katika nchi za kusini. Waarabu wa Ghuba hufanya kinyume. Miezi ya Juni hata Septemba, Muscat inapowaka kwa joto lipitalo digrii 40, maelfu ya watu husafiri kwenda Salalah, kusini mwa Oman, ambako upepo wa bahari huleta ukungu na manyunyu na kuifanya milima iwe ya kijani. Huenda huko na watoto wao, wakatandika mikeka nje na kufurahi kulowa. Nao upepo huo uletao manyunyu ya Salalah ni ndugu ya kusi, ule uliokuwa ukiyapeleka majahazi kaskazini. Mtu wa Limuru akiwaona watu wakilipia nauli ili wapate manyunyu ya Julai, angewakaribisha kwake wapate bure.

Basi ikiwa mapenzi ya mtu hutokana na mazoea yake au na uhaba wake, hayawezi kuwa hakimu. Hakimu aliye bora ni shamba, kwa maana mmea haubembelezwi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Pareto hutaka baridi ndipo itoe maua. Ikipandwa nchi ya joto huota majani mazuri yasiyo na faida. Kahawa ya arabika hutaka ukavu wa miezi michache ili vitumba vilale, kisha mvua ya kwanza iviamshe, na shamba zima huwa jeupe kwa maua. Mvua isiyokoma, impendezayo mwenye ng'ombe wa maziwa, humharibia jirani yake mwenye kahawa kwa kuleta magonjwa ya matunda. Chai hutaka mvua iliyogawanyika mwaka mzima, na lile wingu alilolilaani karani wa Kericho ndilo lililoujaza mfuko wa mchuma majani. Mnazi nao hutaka joto la daima. Upeleke Nyandarua, utakufa. Na hata jua zuri la Januari lina hila yake huko juu, kwa kuwa usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi, na alfajiri mkulima hukuta sakitu imeunguza viazi vyake.

Wala afya haifuati mapenzi. Joto la usiku lililo tamu kwa mwenye kuketi barazani ni tamu pia kwa mbu. Vijidudu vya malaria haviwezi kukomaa ndani ya mbu ikiwa hewa ina baridi sana, na hiyo ni sababu moja kubwa iliyowakinga watu wa milimani tangu zamani. Lakini kinga hiyo haikuwa kamili, na homa ilipozuka Kericho na Kisii katika miaka ya joto na mvua nyingi, iliwapata watu ambao miili yao haikuwa imezoea kupigana nayo.

Je, hali ya hewa iliyo njema ni ipi? Waulize wakulima wa zamani, wa pwani na wa bara, na jibu lao litakaribiana. Njema ni ile itimizayo ahadi. Joto huvumilika na baridi huvumilika, maana watu wamekwisha kujifunza namna ya kujenga, kuvaa na kupanda kwa kila moja. Kisichovumilika ni mvua iliyotarajiwa mwisho wa Machi isipokuja Aprili wala Mei, wakati mbegu zimekwisha kufukiwa na akiba imekwisha kuliwa. Ahadi ni deni, na mbingu ikikosa kulipa, mwenye shamba ndiye adaiwaye.

Madeni hayo yameandikwa katika miaka inayokumbukwa. Mwaka 1984 mvua za masika zilishindwa katika sehemu kubwa ya Kenya, na serikali ikalazimika kuagiza mahindi ng'ambo. Mwaka 1997 na 1998 yakaja mafuriko ya El Niño, yakabomoa madaraja na barabara. Tangu mwisho wa 2020 hata 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini na mashariki, na mifugo isiyohesabika kwa urahisi ikafa. Kisha katika masika ya 2024 maji yakazidi tena na kuua watu. Karani asidhani kwamba mambo hayo ni ya wakulima peke yao. Mshahara wake haupandi na kushuka kwa mvua, lakini bei ya unga hupanda.

Wala si Kenya tu. Tarehe 19 Julai 2022, joto la Uingereza lilipita digrii 40 kwa mara ya kwanza tangu kuanza kupimwa, likafika 40.3 huko Coningsby. Treni ziliamriwa kwenda polepole kwa hofu ya reli kupinda, na nyumba zilizojengwa ili zihifadhi joto ziliwatesa waliomo. Watu waliokuwa wakiliomba jua maisha yao yote walifunga mapazia ili wasilione. Kwao pia, jua lililokuja kwa kipimo kisicho chake lilikoma kuwa neema.

Hata sifa ya mtu wa Nyeri imo hatarini. Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, alipita juu ya mito mikubwa ya barafu; siku hizi mingine imetoweka kabisa na iliyosalia ni vipande vidogo. Joto likiongezeka, mpaka wa ardhi ifaayo kahawa hupanda mlimani pole pole. Huko juu hakuna mashamba yanayoingoja kahawa, ila chai ya watu wengine, na juu ya chai ni msitu ulindao chemchemi za mito.

Mtu hawezi kuiamuru hewa, lakini aweza kuijua. Chombo cha kupimia mvua na daftari la shule vyatosha kwa kuanza. Mkulima aandikaye mvua ya kila siku kwa miaka kumi ana hazina ya kuwarithisha wanawe, na habari za Idara ya Hali ya Hewa zitamfaa zaidi akiwa na za shamba lake za kulinganisha. Penye mvua haba, mtama na mbaazi haziaibishi nyumba. Wazee wa Lamu walijenga kuta nene na njia nyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Ajengaye pwani kwa bati tupu bila baraza wala mti ameyatupa maarifa hayo. Naye akaaye penye baridi akumbuke kwamba jiko la makaa katika chumba kilichofungwa limeua watu usingizini. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mazishi.

Kuna na shauri moja kwa karani anayekaribia kustaafu, ambaye ameweka akiba yake na anatafuta shamba. Wengi huenda kulitazama siku za likizo, katika mwezi mzuri, wakapendezwa na upepo na kutoa fedha siku hiyo hiyo. Yafaa alitazame katika mwezi wake mbaya. La Kinangop alitazame Julai, lipo ndani ya ukungu. La pwani alitazame Machi, kabla masika haijaanza. La Makueni alitazame mwisho wa Septemba, mito ikiwa mchanga mtupu, na awaulize majirani wamekula nini mwaka uliopita. Akiona kwamba aweza kuishi na mwezi huo, miezi kumi na mmoja iliyobaki haitamshinda.