Maleba ya Kihistoria: Kutoka Mapazia ya Tara hadi Gunia la Mkonge

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii hunijia kila nitazamapo mchezo unaodai kusawiri maisha ya wahenga hao hao. Kwetu Mahoo, karibu na mji wa Taveta, nimewaona tangu utotoni wanafunzi wakiigiza mababu wa karne ya 19 wakiwa wamevaa magunia ya mkonge. Hadhira hucheka, waamuzi hutoa alama, mambo yakaishia hapo. Marehemu bibi yangu pekee ndiye aliyewahi kuniuliza, "Mjukuu wangu, hao ni wazee wetu au ni wezi wa ghala?" Swali lake ndilo kiini cha makala haya: je, maleba ni pambo tu, au ni sehemu ya matini?

Tuchukue mfano wa filamu ya Hollywood, Gone with the Wind, ya mwaka 1939. Msanifu wa maleba yake, Walter Plunkett, alisafiri kusini mwa Marekani kuchunguza nguo zilizohifadhiwa tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861-1865). Mhusika mkuu, Scarlett O'Hara, anapofilisika, anashonewa gauni kwa mapazia ya mahameli ya kijani ili amwendee Rhett Butler kutafuta fedha za kulipia kodi ya shamba la Tara. Gauni linadai utajiri, lakini viganja vyake vilivyosugulika kwa kazi ya shamba vinamsaliti. Vazi hapa limebeba maudhui sawa na mazungumzo yenyewe.

Hata hivyo, usahihi wa mshono si usahihi wa historia, kwani filamu hiyo inaupamba utumwa. Na utumwa huo unatuhusu. Taveta ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Pwani kuelekea bara; Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883. Misafara ilibeba shanga, nyaya na vitambaa, vikiwemo kaniki na merikani. Kwa miongo kadhaa, merikani ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipozuka mwaka 1861, kitambaa hicho kiliadimika hata Zanzibar.

Mkonge, kwa upande wake, uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba yake makubwa huku Taita Taveta ni zao la ukoloni. Basi kumvika gunia la mkonge mzee wa mwaka 1883 ni kumvika vazi la kibarua kabla shamba lenyewe halijapandwa. Zaidi ya hayo, ni kumfundisha mtoto kwamba wazee wake hawakujua kulainisha ngozi, kutunga shanga, wala kuchagua kitambaa sokoni.

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huyapa maleba aya moja, mwishoni mwa uchambuzi wa tamthilia. Napendekeza yachambuliwe kama tunavyochambua lugha, na watunzi wa michezo ya shule wawahoji wazee kabla ya kuchukua sindano. Kaniki bado inauzwa. Wanaojua ilivyofungwa ndio wanaopungua.