Bakuli Lisilo Langu

Ndugu msomaji, ukiingia sebuleni kwangu utaona shubaka moja ukutani, mkabala na mlango. Ndani yake ipo sahani kuukuu yenye ufa, na mbele ya sahani hiyo lipo buli lisilo na kifuniko, ambalo limejazwa maua ya asumini. Wageni wengi huniuliza kwa nini nimeiweka sahani iliyovunjika mahali pa heshima, ilhali zilizo nzima zimefungiwa kabatini. Jibu lake ni refu, na sehemu yake moja hunitia haya mpaka leo. Hata hivyo nimeona ni vyema nikusimulie, maana huenda wewe nawe ni miongoni mwetu tunaopenda kupamba nyumba kwa vitu vya kale.

Mapenzi hayo niliyarithi kwa bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Pangani. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mbao lenye njumu za shaba, na sahani sita zilizotundikwa ukutani kwa waya. Sahani hizo zilipakwa kwa mkono maua makubwa mekundu na majani ya kijani, tena kwa haraka, hata hapakuwa na maua mawili yaliyofanana. Mgongoni zilikuwa na chapa iliyosomeka Maastricht. Utotoni nilidhani hilo ni jina la fundi. Nilipokua nilifahamu kwamba ni mji wa Uholanzi, ambao viwanda vyake vilileta sahani na mabakuli mengi katika pwani yetu tangu karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Bibi hakuziweka sahani zile kwa kutazamwa tu. Siku ya Idi ziliteremshwa, zikaoshwa na kupakuliwa pilau kwa ajili ya wageni, kisha jioni zikarejeshwa ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Alipofariki mwaka 1984 sahani ziligawanywa kwa wajukuu, na mimi nikapata moja. Niliibeba mpaka Dar es Salaam nikiwa nimeifunga ndani ya kanga mbili.

Bibi yangu hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, ndugu msomaji. Vyombo vya kauri kutoka China vilianza kufika pwani ya Afrika Mashariki tangu karne ya 9, vikipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi na kusukumwa na pepo za kaskazi. Katika nyumba za mawe za Lamu, mafundi walijenga zidaka, yaani safu za mashubaka madogo ya chokaa yaliyonakshiwa, na humo wenye nyumba wakapanga mabakuli na sahani zao. Vyombo hivyo vilionyesha kwamba mwenye nyumba ana mkono mrefu ng'ambo ya bahari. Tena wako wazee walioamini kwamba sahani ukutani hupokea jicho la husuda, nayo ikapasuka badala ya kumdhuru mtu. Vyombo vingine vilitiwa katika kuta za misikiti na katika nguzo za makaburi, viwe pambo la waliotangulia.

Mume wangu ni mwashi. Ujanani alifanya kazi ya kukarabati majumba ya kale Bagamoyo, na mwaka 1998 tulipoanza kujenga kijumba chetu cha matofali ya saruji huko Mbagala, nilimwomba aniachie nafasi ukutani kwa ajili ya sahani ya bibi. Alicheka, lakini aliacha nafasi ya tofali moja na nusu, akaipiga lipu vizuri na kuizungushia ukingo mdogo. Hilo ndilo shubaka langu.

Kuanzia hapo nikawa mtafutaji. Wapo vijana wapitao mitaani na mikokoteni wakinunua vyuma chakavu. Nilizoea kuwasimamisha na kuchungulia mizigo yao. Kwao nilipata birika la shaba lililobonyea, ambalo baada ya kusuguliwa kwa majivu na ndimu liling'aa kama jipya. Nilipata sinia la bati lenye maua ya waridi, nikalitundika jikoni. Buli nililokutajia lilitoka kwa muuza vyombo vya mitumba, aliyenipa kwa bei ya bure kwa kuwa halikuwa na kifuniko. Mshahara wangu wa ukarani haukuniruhusu kununua fanicha za dukani, lakini kwa vitu hivyo vichache nyumba yetu ilipata sura ambayo haikufanana na ya jirani yeyote. Nakiri kwamba nilianza kujivuna.

Ni majivuno hayo yaliyonipotosha. Siku moja, katika mwaka 2011, kijana mmoja niliyekwisha kununua kwake mara mbili alibisha hodi, akaniamkia, kisha akatoa ndani ya gunia bakuli dogo la rangi nyeupe na buluu. Lilikuwa jepesi, lenye mchoro mwembamba wa matawi na maua, na rangi yake ilitulia kama maji ya asubuhi. Nilijua papo hapo kwamba sijapata kushika chombo kama kile. Nilimwuliza amelitoa wapi. Akajibu, "Mama, huko porini, mahali pasipo na mwenyewe." Sikuuliza zaidi. Nilimlipa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa sare ya shule ya mtoto wetu wa mwisho.

Jioni ile niliondoa sahani ya bibi katika shubaka, nikaiegemeza juu ya kabati, na mahali pake nikaliweka bakuli. Nilisimama mlangoni nikalitazama, nikafurahi sana. Kesho yake mjukuu wangu, aliyekuwa anajifunza kutembea, alishika kitambaa cha kabati akakivuta. Kitambaa kilikuja na kila kilichokuwa juu yake. Mtoto hakuumia, namshukuru Mungu, lakini sahani iliyosafiri toka Ulaya mpaka Pangani, ikavumilia Idi zote za bibi yangu, ilikuwa sakafuni vipande viwili. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni. Siku ile ndipo nilipoielewa.

Mume wangu aliporudi kazini alinikuta nimekaa na vipande mapajani. Hakusema neno juu ya sahani. Alikwenda kwenye shubaka, akalishika bakuli, akaligeuza. Kisha akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chini, akanionyesha unga mweupe uliokuwa umeganda pale.

"Mama watoto," akasema, "hii si saruji. Hii ni chokaa ya matumbawe. Bakuli hili limebanduliwa ukutani kwa patasi."

Nilimjibu kwamba kijana amesema halina mwenyewe. Akaniambia nijiandae, Jumapili tutatembea.

Jumapili alinipeleka Kunduchi, kaskazini ya jiji, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18. Katika kivuli cha mibuyu zimesimama nguzo za mawe ya matumbawe, na katika nguzo na kuta za makaburi hayo mafundi walizamisha mabakuli ya kauri. Mume wangu hakunihutubia. Alinyoosha kidole tu, kwenye vishimo vya mviringo vilivyobaki vitupu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa bakuli. Sidai kwamba bakuli langu lilitoka hapo, maana kijana hakutaja mahali, na magofu ya namna hiyo ni mengi katika pwani yetu. Lakini mbele ya vishimo vile nilijiona kama mtu aliyeingia nyumbani kwa wenzake wamelala, akawavua pete vidoleni. Aliyewekewa pambo lile hakuwa na ulimi wa kunidai; kwa hiyo nilipaswa kujidai mwenyewe.

Tulilipeleka bakuli kwa maofisa wa mambo ya kale. Walilipokea, wakaandika maelezo yangu, wakanifahamisha jambo ambalo nilipaswa kulijua mapema: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na mtu binafsi hana ruhusa ya kufukua wala kubandua atakavyo. Fedha yangu haikurudi, na mtoto alianza muhula kwa sare ya mwaka uliopita, iliyokuwa imemfupia. Kila asubuhi nilipomwona akitoka na mikono iliyovuka kofi la shati nilikumbuka bei halisi ya bakuli lile.

Kuhusu sahani ya bibi, mume wangu aliigundisha vipande vyake kwa gundi kali, taratibu, akaifunga kwa mpira usiku kucha. Nilimsihi apake rangi kufunika ufa. Alikataa, akasema kwamba ufa huo nao ni habari ya nyumba hii. Basi sahani ilirudi katika shubaka, na ufa wake ukitazama mlangoni.

Ndugu msomaji, sikusimulii haya ili uache kupenda vitu vya kale. Nyumba zetu za kupanga na vijumba vyetu vya matofali vinahitaji uzuri kama nyumba za matajiri, na uzuri huo hauhitaji fedha nyingi. Lakini nina maneno machache ya mtu aliyekwisha kuungua.

Kwanza, anza na ulichonacho. Uliza wazee wako kuna nini chini ya vitanda na juu ya makabati yao. Mkeka wa ukindu uliosukwa na shangazi, chetezo cha udongo, kawa la rangi, taa ya chemli ya babu: hivyo hupendeza kwa sababu mtoto akiuliza, lipo jibu.

Pili, ukinunua, uliza kilikotoka, na usiridhike na jibu la mkato. Geuza chombo. Ukikuta chokaa mgongoni, kiache.

Tatu, vitunze. Chombo kilichopakwa rangi au dhahabu kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kamwe si kwa steelwaya. Na sahani ya kale iliyopasuka ibaki kuwa pambo, usipakulie chakula, kwani rangi na vioo vya kale aghalabu vilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa yakikutana na vitu vichachu kama ndimu na ukwaju. Siku za Idi mimi huwapakulia wageni kwa sahani nzima za kabatini, zisije nazo zikasahau kazi yake.

Nne, tia maua, lakini usiyasahau. Asumini huchumwa jioni, vichupa vyake vikiwa bado vimefumba, navyo hufunguka usiku na kujaza chumba harufu. Ukikosa asumini, tawi la mrehani linatosha. Ila maji ya maua yabadilishwe mara kwa mara, na chombo kisuguliwe ndani, si kumwaga maji tu. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2014, jiji la Dar es Salaam lilipopatwa na mlipuko wa homa ya dengue. Mbu waenezao ugonjwa huo huuma mchana, huzaliana hata katika maji kidogo ya chombo cha maua, na mayai yao hung'ang'ania ukingoni yakadumu miezi kadhaa hata pakikauka. Pambo lisigeuke kuwa maradhi.

Nyumba njema si mlango, walisema wazee, fungua uingie ndani. Mjukuu wangu aliyevuta kitambaa sasa ni kijana. Jioni, ni yeye anayechuma asumini uani na kuyaleta. Hapo awali alipokuwa akiuliza nani alivunja sahani, tulikuwa tukimwambia ni yeye. Siku hizi namwambia kweli, kwamba aliyeivunja ni mimi, siku ile nilipoiondoa mahali pake.