Ukiitishwa pesa kabla ya kazi, jua kazi ni wewe

Wasee, leo naongea na waigizaji, wadensi, mamodo na kila mtu ambaye amewahi kuambiwa, "Wewe unafaa kuwa kwa TV." Hii ni yenu.

Lile tangazo mmeliona. "Tunatafuta sura mpya za matangazo ya biashara. Ujuzi si lazima." Unaitwa ofisi fulani tao, gorofa ya nne, unasoma mistari miwili mbele ya simu, na kabla hujatoka unaambiwa umepita. Halafu sasa zinaanza: ada ya usajili, pesa ya picha, pesa ya mafunzo. Tuma kwa hii namba. Na ukiangalia vizuri, kila mtu aliyekuwa kwa foleni amepita. Odisheni ambayo hakuna anayeanguka si odisheni, ni kaunta ya kulipia.

Beshte yangu mmoja, mdensi mkali sana, alilipa 3,000 ya usajili na 7,000 ya picha. Za picha mamake alikopa kwa chama. Miezi mitano ikaisha bila kuitwa hata kusimama nyuma kama ekstra. Akipiga simu anajibiwa, "Wateja bado wanaangalia picha zako." Kinachoniuma si hiyo 10,000 pekee. Ni vile aliacha kudensi. Aliamini kuna watu walimwangalia wakamkataa, na mimi mpaka leo siamini kulikuwa na mteja hata mmoja.

Tufanye hesabu kidogo. Ajensi ya ukweli inakula ukikula. Tuseme mmekubaliana asilimia 20 na umepata tangazo la 50,000: inachukua 10,000, unabaki na 40,000. Ukikosa kazi, nayo inalala njaa, ndiyo maana inakuhangaikia. Sasa angalia hiyo nyingine. Watu 40 wakilipa 3,000 kila mmoja Jumamosi moja, hiyo ni 120,000 na hakuna kamera imewashwa. Wakutafutie kazi ya nini? Yao wameshapata. Ni wewe.

Na hii mchezo si mpya. Kwa filamu ya Nairobi Half Life, ya 2012, Mwas ni kijana wa ushago anayetaka kuigiza. Mwigizaji kutoka Nairobi anamwambia atoe 1,000 ndio apewe nafasi. Ana 500 pekee, basi anaambiwa hiyo ingine ailete National Theatre. Tulicheka kwa sababu huyo jamaa wa kuitisha tunamjua. Hata Marekani, kwenye Hollywood yenyewe, hii kitu ilisumbua hadi jimbo la California likaweka sheria, iliyoanza kazi 2010, inayokataza kumlipisha msanii mapema ndio atafutiwe kazi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini picha ni gharama." Kweli, ni gharama. Lakini hizo unajipigia mwenyewe, kwa mpiga picha unayemchagua, kwa bei mliyoelewana, na zinabaki zako. Ajensi ikikulazimisha kwa mpiga picha wake, leo leo, hapo hununui picha. Unanunua ahadi.

Kabla utume hata bob, uliza maswali matatu. Mteja ni nani na shuti ni lini? Ni nani mmempatia kazi mwaka huu, na naweza kuongea naye? Mbona hiyo ada msikate kwa malipo yangu ya kwanza? Hilo la mwisho ndilo huwachoma. Anayejua kazi iko hawezi kuogopa kungoja. Cheti cha usajili wa kampuni kisikubabaishe, kinaonyesha kampuni imesajiliwa tu, hakionyeshi ina kazi. Mkataba nao nenda nao nyumbani, mpe mtu mwingine asome. Na kama ulishatuma, usifute meseji za M-Pesa wala zile mlizoandikiana. Hizo ndizo ushahidi wako ukienda kuripoti polisi.

Tuache pia kumcheka mtu aliyeliwa hivi. Aibu ndiyo inanyamazisha watu, na wakinyamaza, Jumamosi ijayo foleni inajaa tena. Beshte yangu bado hajarudi kudensi. Kama unamjua mtu amekaa kimya hivyo, mwambie hakukosa kipaji. Hakuna aliyekiangalia.