Kiingereza kinapoificha "ji"

Nimekuwa kimya, kazi zimenibana hadi koo. Leo tuweke kodi kando tuongee Kiingereza, kwa sababu neno moja tu la Kiingereza liliwahi kuniharibia programu kuliko kosa lolote la kodi nililowahi kulifanya.

Kisa chenyewe ni hiki. Muda mfupi baada ya kumaliza chuo niliandikia chama kimoja cha akina mama programu ya kuweka akiba. Wanachama 23, kila mmoja ametoa shilingi 2,000 za kuanzia. Programu yote niliiandika kwa Kiingereza, maana nilidhani ndivyo programu "halisi" zinavyoandikwa. Katika ukurasa wa kwanza, baada ya mtu kuingia, kulikuwa na fomu ya jina, simu na kiasi, na chini yake kitufe: "Register".

Kichwani mwangu kitufe kile kilimaanisha "jisajili". Yaani wewe uliyeingia, jaza habari zako. Mama katibu alikisoma "sajili". Akaketi Ijumaa jioni na daftari lake, akawasajili wenzake wote mmoja baada ya mwingine, akianza na jina lake mwenyewe. Programu nayo, kwa kuwa aliyeingia alikuwa ni yeye, ilikuwa inaandika jina jipya juu ya lile la awali, katika akaunti ile ile. Jina linabadilika, pesa zinajumlishwa.

Jumamosi mkutanoni nikafungua laptopu kwa mbwembwe, wote wakiwa wamezunguka meza. Skrini ikaonyesha mwanachama mmoja tu mwenye shilingi 46,000. Na mwanachama huyo, kwa vile ndiye aliyekuwa wa mwisho daftarini, alikuwa wifi yake katibu.

Sitasahau kimya kile.

Daftari ndilo lililomwokoa, maana michango yote 23 ilikuwa imeandikwa humo kwa kalamu. Lakini kuna akina mama waliotoka pale bado wakinong'ona, na kosa lilikuwa langu.

Nimekifikiria sana kitufe kile. Sisi tunaotumia Kiswahili tumezoea kwamba mtu akijitendea jambo, kitenzi chenyewe kinatuambia. "Ji" inakaa pale katikati: ninajiosha, amejificha, walijiandaa. Ukiitoa, maana inabadilika na mtu huuliza, "Umeosha nini?" Kiingereza kina maneno yake ya kazi hiyo, kuanzia "myself" hadi "themselves", na shuleni tuliyakariri kama wimbo. Tatizo ni kwamba hatukufundishwa sana ni wakati gani Mwingereza hayatumii.

Chukua asubuhi ya kawaida. "I washed, shaved and dressed." Vitenzi vitatu, na hakuna "myself" hata moja. Kwa Kiswahili kuosha na kunyoa vingedai "ji" zao. Ukisema "I dressed myself" si kosa, lakini msikilizaji anahisi kuna habari ya ziada, kwamba labda mkono ulikuwa umevunjika au anayesemwa ni mtoto aliyejua kuvaa juzi. "She can dress herself now," mama atasema kwa fahari. "Hide", "prepare" na "register" nazo ziko katika kundi hili. Zikiachwa peke yake bila mtendwa, mara nyingi Mwingereza huchukulia kwamba mtendaji anajitendea.

Halafu kuna zile zinazokataa kata kata kuachwa. "I cut myself", "she introduced herself", "I taught myself programming". Ukisema "I introduced" ukanyamaza, watu watasubiri umalizie. Na "I hurt" bila "myself" inageuka: badala ya nimejiumiza, inakuwa naumwa. Sijui kanuni moja ya kutenganisha makundi haya mawili. Ni kujifunza kitenzi kimoja kimoja, kama unavyojifunza tabia za majirani.

Sisi Wakenya tumejitengenezea zetu pia. Tukitoka harusini tunasema "We really enjoyed!" na tunaelewana vizuri kabisa, ingawa kitabu kinataka "enjoyed ourselves" au utaje ulichokifurahia. Tena "avail yourself". Katika kamusi, "avail yourself of" ni kuitumia nafasi uliyopewa. Huku kwetu meneja anakuandikia "avail yourself at the office at 8" na unajua fika kwamba ukichelewa una kesi. Mimi sioni ubaya, ila ukimwandikia mteja wa ng'ambo, tumia "come" tu.

Nyingine inayowapiga chenga wengi ni hii: "They blamed themselves" ni walijilaumu, "they blamed each other" ni walilaumiana. Kwetu ni "ji" mwanzoni na "ana" mwishoni, hazikaribiani hata kidogo. Kwa Kiingereza watu huzichanganya, na tofauti yake ni kubwa. Kile chama changu kilikuwa kimebakisha hatua moja tu kufika kwenye hiyo ya pili.

Sasa kwenye mashine ndipo mambo huwa matamu. Kiingereza huipa mashine "itself" bila wasiwasi: "the computer shut itself down", "the program updates itself". Hata sisi tunasema kompyuta imejizima. Lakini glasi ikianguka ni "the glass broke", wala si "broke itself", kwa sababu glasi haikufanya kitu. Sisi tuna "imevunjika", neno ambalo halimtaji wala halimtafuti aliyevunja. Ni kichaka kizuri cha kujificha, na mafundi wa kompyuta tunakipenda: faili "imefutika", data "imepotea".

Kichaka hicho hicho ndicho nilichokimbilia. Chama kiliniomba barua ya maelezo, nami nikaandika kwa Kiingereza, kwa herufi safi: "The records overwrote themselves." Nikaona imekaa kitaalamu.

Mweka hazina wao alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Akaisoma mbele yangu, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba (bado anatembea nayo!), akapiga mstari chini ya "themselves".

"Kijana wangu," akasema, "rekodi zina mikono?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi zilijiandikaje?"

Nilijaribu kumweleza mambo ya akaunti na fomu, na kwamba hata katibu alibonyeza mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanirudishia karatasi pamoja na kalamu. Nikaandika upya juu ya goti langu: "I wrote a form that overwrote the records. The secretary did nothing wrong." Hiyo ya pili sikuwa nimepanga kuiandika. Ilikuja tu baada ya kuandika "I".

Programu ile sasa iko kwa Kiswahili na ina vitufe viwili, "Jisajili" na "Sajili mwanachama", kimoja kijani na kingine bluu. Ilinichukua saa moja hivi kurekebisha.

Mwalimu aliisoma barua mara mbili, akaikunja. "Sasa hii ni sentensi," akasema. "Lakini mimi sitaisoma. Utakuja Jumamosi uisome wewe, kwa Kiswahili, na katibu akae pale mbele na wifi yake."