Shamba la Bruce na Neno Thangata

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi katika mojawapo ya ofisi za Capital Hill, Lilongwe, nikingoja karatasi yangu ipigwe muhuri. Walimu wenzangu wa Dzaleka wanazijua benchi za namna hiyo. Mtu hukaa juu yake hata akajua idadi ya misumari. Karani aliyekuwa akipitapita na mafaili aliniuliza ninafundisha nini. Nikamjibu, Kiswahili. Naye akanieleza, bila kuulizwa, kwamba kwao ni Magomero. "Kwa Bruce," akaongeza, kana kwamba Bruce yu hai na jioni ile atakuwa barazani kwake.

Sijapata kufika Magomero. Iko mbali kusini, katika wilaya ya Chiradzulu, kando ya mto Namadzi, na ruhusa ya mkimbizi haifiki mbali hivyo. Lakini jina lile nilikuwa nimelisoma, na yafaa nimweleze msomaji kwa nini lilinishtua.

Mwaka 1861 David Livingstone aliwaongoza wamisionari wa U.M.C.A., chini ya Askofu Charles Mackenzie, hata mahali hapo. Njiani waliwafungua watumwa waliokuwa wakipelekwa pwani, na hao ndio waliokuwa wakazi wa kwanza wa misheni. Haikudumu. Askofu alikufa kwa homa Januari 1862, wenzake wakahama, na mwaka 1864 Askofu Tozer, aliyemrithi, akaihamishia misheni Unguja. Pamoja naye alikuwako Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alichapa kitabu chake cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Sisi tunaofundisha Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, tunamdai Steere mengi, na pengine tunaidai homa ya Malawi pia. Kama Magomero pangalikuwa na afya, sijui sarufi yetu ingaliandikwa na nani.

Wamisionari walipoondoka, ardhi haikuondoka. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza ikaangukia mikononi mwa Alexander Low Bruce, tajiri wa kiwanda cha bia cha Edinburgh, aliyekuwa amemwoa Agnes, binti yake Livingstone. Alikufa mwaka 1893, akawaachia wanawe. Kwa usahihi hawa walikuwa Waskoti, ingawa kwetu kila mlowezi wa aina hiyo huitwa Mwingereza. Shamba lilipita eka 160,000. Msimamizi wake alikuwa William Jervis Livingstone. Jina lile lile, mtu mwingine kabisa. Kwanza ilipandwa kahawa, nayo ikashindwa. Kisha pamba na tumbaku. Wafanyakazi walipatikana kwa wingi, kwa maana Walomwe walikuwa wakivuka kutoka Msumbiji kutafuta mahali pa kujenga, na mahali penyewe palikuwa na mwenyewe tayari.

Hapo ndipo liingiapo neno thangata. Katika lugha ya nchi hii asili yake ni kusaidia: jirani anakuja kulima kwako leo, kesho unakwenda kwake, na pombe inapikwa. Masetla walilichukua neno hilo wakalifanya kodi. Aliyejenga kibanda katika shamba alitakiwa kumlimia mwenye shamba mwezi mmoja kwa ajili ya pango na mwingine kwa ajili ya kodi ya kibanda, tena wakati wa mvua, wakati mahindi yake mwenyewe yanapotaka jembe. Mapatano yalikuwa ya mdomo, na mdomo wa kapitao ndio uliohesabu siku. Kwa Bruce miezi iliongezeka, na hata wajane walidaiwa. Bibi yake yule karani alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba hadi anakufa, bibi huyo hakupenda mtu amwambie, "Nitakusaidia."

Sisi waalimu wa lugha tumezoea kusema kwamba maneno hupanuka maana, au hufinyika. Hatusemi mara nyingi kwamba maneno huibwa. Mimi nimezaliwa Uvira, na utotoni nilikwenda salongo: kazi ya umma, ya kufagia barabara na kuzibua mifereji, chini ya utawala wa Mobutu. Neno lilikuwa na harufu ya umoja na furaha. Asiyefika alitozwa. Aliyesoma Tanzania anaweza kulitafakari neno msaragambo kwa namna hiyo hiyo, ingawa huko, nadhani, lilibaki na heshima zaidi.

Yaliyofuata Magomero yanajulikana. Mchungaji John Chilembwe alikuwa na misheni yake karibu, huko Mbombwe. Makanisa madogo ya wafuasi wake katika shamba yalichomwa moto kwa amri ya msimamizi. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wa Chilembwe waliingia nyumbani kwa W. J. Livingstone wakamkata kichwa. Wanawake na watoto wa Kizungu hawakudhuriwa. Chilembwe mwenyewe aliuawa tarehe 3 Februari. Leo sura yake imo katika noti za kwacha, na tarehe 15 Januari ni sikukuu ya taifa. Tume ya serikali ililaumu jinsi wakazi wa shamba walivyotendewa, lakini thangata haikufutwa. Ilibadilishwa sura kwa sheria baada ya sheria, na kukomeshwa mwaka 1962 tu. Wakati huo sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa serikali.

Nilirudi Dzaleka na karatasi yangu. Mahali hapa, kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda. Nje kidogo ya mpaka wa kambi nimekodi nusu eka kwa mwanakijiji mmoja, mtu maskini kama mimi. Msimu wa kwanza nilimlipa fedha. Wa pili alichukua fedha, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mtanisaidia kidogo kwenye tumbaku." Tulikwenda juma moja, mimi, mke wangu na watoto wawili. Msimu uliopita yakawa majuma matatu, na palizi ya mahindi yetu ikachelewa. Tulivuna magunia mawili mahali pa matano. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Hata sasa simwoni hivyo. Alitumia neno zuri, nami nikalipokea kama adabu inavyotaka.

Mvua zinakaribia. Juzi nilinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, nikapiga mistari: tarehe, watu, saa. Nilimwonyesha mke wangu. Akauliza nani atatia sahihi, kwa kuwa mwenye shamba hajui kusoma. Nikasema atatia kidole gumba. Akalitazama daftari kwa muda, kisha akaniambia nimwendee mzee yule kabla hajaja yeye kutuomba msaada.